Kilichobaki Nchani

Kati ya vitu vyote alivyovidharau, na havikuwa vichache, kijiko cha chai kilishika nafasi ya kwanza. Aliwahi kukusanya vijiko kutoka majumbani mwa wafanyakazi wenzake, akavipima kimoja kimoja kwa maji na mizani, akakuta kimoja kinabeba mililita tatu na kingine karibu saba. Vyote viliitwa kijiko cha chai. Vyote vilikuwa vimetumika kunywesha watoto dawa. Tangu hapo, akimsikia mtu anasema "kijiko kimoja kutwa mara tatu", alimtazama kama mtu anavyomtazama mlevi anayetafuta ufunguo wake kwenye mfuko wa jirani.

Alikuwa mfamasia mkuu wa hospitali. Nyuma ya mgongo wake wafanyakazi walimwita Bi Desimali, wakidhani hajui. Alijua, na jina lilimpendeza kuliko walivyokusudia. Watu wengi, kwa maoni yake, waliishi maisha yao yote kwa namba nzima, na wakifika kwenye nukta wanakuwa wameshachoka.

Umakini huu ulikuwa wa nyumbani kwao. Baba yao, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mgawa dawa katika zahanati ndogo, mwanamume wa koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Katika nyumba yake dawa haikuachwa kwenye kikombe. Mtoto akishameza, mzee alitia maji kidogo, akazungusha, akamrudishia.

"Maliza. Nimekupimia wewe, sikukipimia kikombe."

Wanawe wawili walikua wakiamini kwamba binadamu wamegawanyika makundi mawili, wanaosuuza na wasiosuuza, na kwamba kundi la pili halifai hata kukabidhiwa paka.

Mdogo wake, ambaye mpaka leo alimwita Bwana Mdogo ingawa alikuwa fundi wa lifti mwenye mvi mbili tatu kidevuni, alioa katika kundi la pili. Mkewe alikuwa msusi. Bi Desimali hakuipinga ndoa hiyo. Aliipokea kama watu wanavyopokea taarifa ya kukatika kwa maji: kwa kukunja uso na kujaza ndoo. Kilichomshinda kumeza ni mama wa bibi harusi, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekata vitambaa bila kushika futi.

"Futi yangu iko hapa," alipenda kusema, akijigonga kidole pembeni mwa jicho.

Na nguo alizokata zilikaa vizuri, jambo ambalo Bi Desimali alilieleza kuwa ni bahati iliyojirudia.

Mtoto wa Bwana Mdogo alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama mkate, na moyo wenye tundu. Bibi yake mshonaji alimtazama siku ya kwanza akasema, "Jamani, hiki si kitambaa kizima, ni kipande," na jina likaganda. Mama yake akawa Mama Kipande na baba yake Baba Kipande. Shangazi mtu alikataa kabisa kulitumia. Aliandika "mtoto" na akatamka "mtoto".

Daktari wa moyo, mwanamke asiyepoteza maneno, aliwaeleza mambo yalivyo. Tundu litazibwa kwa upasuaji, lakini mtoto lazima kwanza aongezeke uzito. Mpaka siku hiyo moyo utashikiliwa na dawa ya maji, pointi mbili ya mililita asubuhi na pointi mbili jioni. Ni matone machache, kiasi ambacho mtu akikimwaga mezani hasumbuki kukifuta. Lakini kwa dawa hiyo, kiasi kinachousaidia moyo na kiasi kinachoudhuru vilikaa jirani kama milango ya vyumba vya kupanga. Ukikosea kidogo tu unaingia kwa mwingine.

"Nyumbani nani atapima?" daktari aliuliza.

"Mama yake," alisema Bwana Mdogo.

"Nitamfundisha mimi," alisema Bi Desimali, kwa sauti ya mtu anayejitolea kumfundisha mbuzi kusoma.

Alifundisha sebuleni, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, baada ya kuondoa kitambaa cha meza, maua ya plastiki na rimoti ya televisheni. Akapanga chupa ya dawa, sirinji ndogo ya mililita moja isiyo na sindano, na sahani nyeupe. Wifi yake aliketi mbele yake na mtoto mapajani. Mama Cherehani alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Kwanza, hupimi ukiwa unatembea, hupimi ukiwa kwenye simu," Bi Desimali alianza. "Pili, macho yawe usawa wa mstari. Ukitazama kutoka juu unadanganywa, ukitazama kutoka chini unadanganywa pia. Tatu, hiki kisukumio kina mpira mweusi, na mpira una ukingo wa juu na wa chini. Unasoma ukingo wa juu, ule ulio karibu na ncha."

"Kwani wa chini una kosa gani?" aliuliza Mama Cherehani.

"Wa chini utakunyima mjukuu."

"Mh! Mkwe wangu, wewe nawe. Yote haya kwa maji ya kumnywesha nzi?"

"Nzi hana tundu kwenye moyo, mama."

Mshonaji akabetua midomo, akageukia dirisha kana kwamba mtaani kuna jambo.

"Nne," Bi Desimali aliendelea. "Kiputo cha hewa kikiingia, geuza ncha juu, gonga kwa kucha, kisukume nje, uongeze dawa. Kiputo si dawa. Haya, fanya."

Wifi alimkabidhi mama yake mtoto, akashika sirinji. Vidole vyake vilizoea nywele, kazi isiyo na nafasi ya papara. Alivuta dawa, akagonga kiputo, akainua sirinji mbele ya macho, akasukuma kidogo, akasimamisha ukingo wa juu juu ya mstari. Bi Desimali aliinama kutafuta kosa, hakulipata, akanuna. Kisha wifi akaingiza ncha ndani ya shavu la mtoto, akasukuma polepole, mtoto akameza. Alipomaliza hakuiweka sirinji chini. Aliichovya kwenye kikombe cha maziwa aliyokwisha kuyakamua, akavuta kidogo, akaitikisa, akamnywesha mtoto na hayo pia.

"Hilo nani kakufundisha?"

"Baba Kipande. Amesema kwenu ndivyo mnavyofanya, ili dawa isibaki humo ndani."

"Angalau hilo," alisema Bi Desimali.

Ilikuwa sifa ya kwanza kumpa wifi yake tangu harusi, na aliitoa kama mtu anayelipa nauli kwa sarafu.

Siku za mwanzo mtoto alikwenda vizuri. Baadaye akaanza kutapika maziwa, kisha kuyakataa, kisha kulala usingizi usio wake, ule wa kuamshwa kwa kutekenywa nyayo bila mafanikio. Walipomfikisha wodini, nesi aliweka vidole viwili kifuani pake, akahesabu, akahesabu tena, akaenda kumwita daktari bila kukimbia, jambo lililowatisha zaidi.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari aliyasoma akiwa amesimama. "Dawa imezidi mwilini. Mnampa kiasi gani?"

"Pointi mbili," alisema wifi.

"Damu haisemi pointi mbili."

Dawa ilisimamishwa, moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Manesi wakaanza tena kumpa, kiasi kilekile, na mtoto akanyonya kama mtu anayedai fidia. Bi Desimali alizipanga hoja zake kwenye korido ya wodi. Hospitalini mtoto anapata pointi mbili na yuko salama. Nyumbani anaandikiwa pointi mbili na anaugua. Basi nyumbani anapata zaidi. Hadi hapo hoja haikuwa na kasoro. Kisha akaongeza ushahidi: alikuwa ameichukua ile chupa ya nyumbani, akapima dawa iliyobaki, akailinganisha na dozi zilizotolewa. Chupa ilikuwa na upungufu mkubwa kuliko hesabu.

"Ulimpa mara mbili ukisahau kwamba umeshampa," alimwambia wifi yake.

"Sikumpa mara mbili, wifi."

"Chupa imepungua."

"Sijui chupa. Mimi najua nilichompa mwanangu."

"Basi mama yako."

"Mama yake yuko hapa," alidakia Mama Cherehani kutoka kwenye benchi. "Niulize mlangoni, usipitie dirishani."

"Uligusa ile chupa?"

"Niligusa. Niliipangusa vumbi. Sasa vumbi nalo limekuwa dozi?"

"Dawa haitoki yenyewe ndani ya chupa iliyofungwa. Labda uliiongeza kwa jicho. Si ndiko iliko futi yako?"

Mshonaji aliinuka, mkoba ukamwanguka. "Wewe mwanamke una digrii ya kuchoma watu! Baba Kipande, unasikia dada yako anavyonivua nguo mbele ya wagonjwa?"

Bwana Mdogo alikuwa ameegemea ukuta, akichunguza viatu vyake kama vile ni lifti iliyokwama. "Dada," alisema, "labda tusikilizane..."

"Wewe nyamaza. Ungejua kusikiliza tusingekuwa hapa."

Akanyamaza. Alikuwa amejifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kutembea.

Uamuzi ulipita siku hiyohiyo, na aliyeupitisha ni mmoja. Bi Desimali alichukua likizo, akahamia kwa mdogo wake. Mama Cherehani aliombwa apumzike kwake mpaka mtoto atulie. Wifi hakuruhusiwa kushika sirinji. Kabla ya kuwaruhusu, daktari alimwita Bi Desimali pembeni.

"Bi mkuu, ikizidi tena nitaiondoa. Na ukiniuliza nitaushikilia kwa dawa gani moyo huo mpaka upasuaji, sina jibu. Zilizobaki hazitautosha."

"Haitazidi," alisema. "Sasa iko mikononi mwa mtu anayejua kupima."

Chupa mpya na sirinji zilikaa ndani ya mkoba wake wa ngozi, na mkoba ulikaa naye. Alikula nao mapajani. Aliuingiza bafuni, akautundika kwenye msumari wa taulo. Usiku aliulaza kichwani pa kochi alilolalia, na kwenye zipu alifunga uzi mwembamba kwa fundo lake mwenyewe, ili mkono wowote wenye kiherehere ujisaliti.

Asubuhi na jioni aliketi dirishani. Hata aliyemchukia angekiri kwamba ilikuwa kazi ya kutazamwa. Kucha iligonga mara moja tu na kiputo kikapanda. Kisukumio kilisogea kama mkono wa saa. Ukingo wa juu wa mpira ulikaa juu ya mstari kiasi kwamba huwezi kusema ni upi mpira na upi mstari. Alimnywesha mtoto ndani ya shavu, taratibu, bila kumwaga. Kisha kikombe cha maziwa, akavuta kidogo, akatikisa, akamalizia. Hakubakisha kitu. Mzee angeona fahari.

Wifi alisimama mlangoni akikunja nepi zilizokwisha kukunjwa.

"Wifi, leo naomba nimpe mimi."

"Ili iweje?"

"Asinisahau."

"Akiwa hai atakukumbuka."

Wifi alizibeba nepi, akaenda kuzikunja chumbani. Bwana Mdogo, aliyekuwa akinywa chai, aliitazama chai yake. Bi Desimali hakuona kwamba amesema jambo baya. Alikuwa amesema jambo sahihi, na tofauti kati ya hayo mawili hakuwahi kuipa uzito.

Kisha mtoto akatapika.

Alijiambia ni gesi tumboni. Jioni akakataa ziwa. Bi Desimali aliingia jikoni akakagua vijiko kimoja kimoja, akavinusa. Akapekua kabati la wifi yake akiwa bafuni, chini ya kanga, ndani ya kopo la pini za nywele. Hakukuwa na kitu. Akaufungua mkoba: uzi ulikuwa mzima, fundo ni lake. Ndipo akaitoa chupa, akaimimina yote kwenye kichupa chenye mistari ya vipimo alichokuja nacho kutoka kazini, akasoma, akapiga hesabu ya dozi zote alizotoa kwa mkono wake.

Chupa ilikuwa na upungufu uleule.

Alikaa akiitazama namba hiyo. Hakuna aliyeigusa chupa ila yeye. Hakuna aliyempa mtoto dawa ila yeye. Namba haikuwa na mama mkwe wala cherehani. Chumbani wifi akapiga kelele moja tu, "Baba Kipande, haamki!", na wote wakakimbilia gari.

Njiani Bwana Mdogo, macho barabarani, aliuliza kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia.

"Na safari hii, dada, ni nani?"

Wodini dawa ilisimamishwa tena. Daktari alimkazia macho Bi Desimali, si kwa hasira, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi.

"Moyo utarudi, nadhani. Lakini siirudishi dawa bila kujua kosa liko wapi. Nitakuwa nacheza bahati nasibu. Niletee sababu, bi mkuu. Sitaki mtuhumiwa, nataka sababu."

Bi Desimali alishuka ngazi hadi kwenye famasia yake. Chumba cha kuchanganyia dawa kilikuwa tupu, kila kitu mahali pake: chupa zikitazama mbele, taulo za karatasi zimekunjwa pembe kwa pembe, mizani nyeti ndani ya kibanda chake cha vioo. Akafunga mlango. Akachukua sirinji mpya ya aina ileile, kavu, akaipima uzito. Akachanganya maji na tone la rangi nyekundu ya kutilia dawa za watoto. Akavuta hadi mstari wa pointi mbili, macho usawa, akasukumia yote kwenye kisahani kilichokuwa juu ya mizani.

Pointi mbili kamili ya gramu, ambayo kwa maji ni sawa na mililita. Mkono wake haukuwa na kosa. Kwa muda mfupi sana alifurahi.

Kisha akaiweka juu ya mizani ile sirinji tupu, na haikuwa tupu. Ilizidi uzito wake wa mwanzo kwa karibu pointi sifuri nane ya gramu. Akaiinua kwenye mwanga. Kisukumio kilikuwa kimefika mwisho kabisa, lakini mbele yake, ndani ya ule mfereji mwembamba wa nchani ambamo mpira haufiki, kulikuwa na mstari mwekundu.

Alijua kitakachofuata, akakifanya hata hivyo, kwa sababu jambo lisilopimwa hakulihesabu kuwa limetokea. Akavuta maji meupe kidogo, akatikisa, akasukumia kwenye sahani. Yakatoka mekundu.

Basi. Mistari ya sirinji huhesabu kile kinachosukumwa nje. Kinachobaki nchani mtengenezaji hakukihesabu, hakimo katika dozi, hakikuwahi kuwemo. Kinatoka kwenye chupa, ndiyo maana chupa hupungua, lakini kwa mtoto hakitakiwi kufika. Ukikisuuza na kumnywesha, umempa pointi mbili na karibu nusu nyingine ya hiyo juu yake, asubuhi na jioni, kila siku, na dawa ile huondoka mwilini polepole. Kwa kikombe cha mililita kumi mzee alikuwa sahihi: kilichoganda ukutani kilikuwa cha mgonjwa, na alipaswa kukimaliza. Kwa sirinji hii kilichobaki hakikuwa cha mtu yeyote.

Na haya yote aliyajua. Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi wa famasia waliokuja kwa mafunzo, akiandika ubaoni, akichora ile ncha kwa chaki. Aliwacheka waliosahau. Elimu ilikuwa imekaa kichwani na mkono ulikuwa umebaki kwa baba, na katika miaka yote hiyo havikuwahi kusalimiana.

Akatafuta mtu wa kumdharau, kwa mazoea, na ndani ya chumba mlikuwa na mtu mmoja tu.

Wazo la pili lilikuja haraka, likiwa limevaa vizuri. Angeweza kumwambia daktari kwamba sirinji za shehena hiyo zina kasoro. Nani angebisha na mfamasia mkuu? Alilizungusha kichwani kama anavyozungusha chupa kutafuta mashapo, na akayaona. Manesi walitumia shehena hiyohiyo. Zaidi ya hapo, uongo huo ungewarudisha Bwana Mdogo na mkewe nyumbani na sirinji nyingine, wakiendelea kusuuza kwa moyo mweupe. Uongo haukumchukiza. Alichokidharau ni kwamba usingefanya kazi. Akamwaga maji mekundu, akachukua sirinji mpya, kichupa cha rangi na sahani nyeupe, akapanda ngazi.

Aliwakuta wote kando ya kitanda: daktari, Bwana Mdogo, wifi akiwa ameshika mguu wa mtoto kwa vidole viwili, na Mama Cherehani, aliyekuja mara tu alipopigiwa simu na kuketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo.

"Kosa limeonekana," alisema Bi Desimali.

"Enhe," alisema Mama Cherehani. "Leo nimeiba nini?"

Bi Desimali aliweka sahani juu ya kabati la kitanda, akavuta maji mekundu hadi pointi mbili, akayasukuma pembeni mwa sahani. "Hii ni dozi. Imekwisha. Manesi huishia hapa." Akavuta maji meupe kutoka kwenye glasi, akatikisa, akasukuma upande wa pili. Doa la pili lilipotokea, lililopauka kidogo tu kuliko la kwanza, daktari alifumba macho, akayafumbua.

"Mnasuuza," alisema.

"Tunasuuza."

"Dada," alisema Bwana Mdogo, "lakini baba..."

"Baba alipima kwa vikombe."

Mtoto wa kitanda cha pili alikuwa akigonga kopo. Mama Cherehani aliinama juu ya sahani, akayatazama madoa mawili kwa jicho lake lile la kukatia nguo.

"Ngoja nielewe, maana sisi wengine hatukusoma," alisema. "Sikumwongezea mimi?"

"Hapana."

"Wala mwanangu?"

"Alifanya alivyofundishwa."

"Na nani?"

"Na sisi. Ni kosa la kwetu." Akaiweka sirinji chini. "Na mara ya pili ni langu peke yangu. Mimi nilipaswa kulijua."

Mshonaji aliangua kicheko, kikubwa, kibaya, hadi nesi akachungulia. "Weee! Kumbe mnalamba sahani mkidhani ni elimu! Na mimi nimefukuzwa nyumbani kwa mwanangu kwa ajili ya kupangusa vumbi!"

"Mama, basi," alisema wifi.

Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa bado ameshika ule mguu mdogo, na hakumtazama mama yake wala mumewe.

"Kitu kimoja tu ulichowahi kunisifia, wifi," alisema. "Ndicho hicho."

"Ndicho hicho," alisema Bi Desimali.

Daktari akaeleza kwamba mapigo yakiridhisha dawa itarudi, pointi mbili, bila maziwa, bila maji, bila ya ziada, na akauliza swali lake la siku ya kwanza: nyumbani nani atapima?

Bwana Mdogo akamgeukia dada yake, kwa mazoea. Kisha akajishtukia, akamgeukia mkewe.

Bi Desimali alifungua mkoba wa ngozi. Akaukata uzi wa zipu kwa kucha, akatoa chupa, akatoa sirinji, akaviweka kwenye kiganja cha wifi yake.

"Mpe na mkoba kabisa," alisema Mama Cherehani. "Ni mzuri, na una ushahidi wa nani aliyeishika chupa."

Mapigo yaliporudi na damu ikasema kile walichotaka kukisikia, dozi ya kwanza ilitolewa jioni, daktari akiwepo. Wifi aliketi kitandani. Akavuta, akagonga kiputo kwa kucha, akainua sirinji mbele ya macho, akausimamisha mpira juu ya mstari. Ilikuwa kazi nzuri kama ya Bi Desimali, na Bi Desimali aliliona hilo kwa maumivu ya mtu anayesoma risiti sahihi. Mtoto akafungua mdomo, akameza, akakunja uso. Nesi akaweka vidole kifuani pake, akatikisa kichwa kukubali.

Nchani mwa sirinji kulikuwa kumebaki kitone. Wifi aliinuka nayo, akatembea hadi kwenye sinki la wodi bila haraka, akageuka, akamtazama Bi Desimali machoni, akafungua bomba. Maji yakapita ndani ya sirinji, yakashuka shimoni.

Kikombe cha maziwa kilikuwa juu ya kabati. Mkono wa kulia wa Bi Desimali ulikuwa umeshanyanyuka kutoka mapajani na kufika nusu ya njia. Akaukamata kwa wa kushoto, akaurudisha chini, akaukalia.